Kosa langu sasa halifi: barua ya wazi kwa FHFA, Fannie Mae na Freddie Mac

Wakubwa wa FHFA pale Washington, na nyie wa Fannie Mae na Freddie Mac, shikamooni.

Mi ni mthamini wa nyumba za kuishi hapa Columbus, Ohio. Waswahili wa huku wananiita "yule jamaa wa kupima nyumba", maana nikifika tu naanza kuzunguka na kile kimashine cha leza, naelekeza ukutani, kinalia tii, naandika, nahamia ukuta mwingine, na watoto wa mwenye nyumba wananifata nyuma kama nimekuja na biskuti. Kiingereza nakitumia kutwa nzima, ripoti zangu zote ni za Kiingereza, ila hili nalotaka kusema leo kuhusu mfumo wenu mpya wa ripoti za uthamini lina ugomvi kidogo ndani yake na mi nikigombana nagombana kwa Kiswahili. Nyie mna watu na mna mashine za kutafsiri. Na pia nataka walisome hawa ndugu zangu Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania wanaonunua nyumba huku, wanalipia uthamini kila siku na hawajui ile ripoti ikishatoka mikononi mwangu inaenda kuishi wapi.

Kwa ajili yao nianze mbali kidogo, nyie vumilieni. Fannie na Freddie hawamkopeshi mtu nyumba. Benki ndo inakukopesha, alafu inawauzia hao wawili ule mkopo wako ili ipate hela ya kumkopesha mwingine. Fannie alianzishwa 1938, Freddie 1970, na tangu Septemba 2008, kipindi kile soko la nyumba lilivyoporomoka, wote wawili wako chini ya FHFA, yaani wakala wa serikali ya Marekani unaowasimamia, kama watoto wa marehemu waliowekewa msimamizi wa mirathi na mirathi yenyewe haiishi. Sasa kwa sababu wao ndo wanunuzi wakubwa wa mikopo, wakisema ripoti ya uthamini iwe hivi, inakua hivyo, benki zinafata, kampuni za kati zinazotugawia kazi zinafata, na mi niliye chini kabisa ya mnyororo nafata kuliko wote.

Na sasa wamesema tuachane na fomu.

Ile fomu naijua kama mfuko wa suruali yangu. Nyumba ya familia moja ni namba 1004 kwa Fannie, kwa Freddie inaitwa 70, ni kitu kilekile, toleo la Machi 2005, kurasa 6, visanduku vimebanana kama abiria wa daladala ya Mbagala saa 12 jioni. Kondo, yaani fleti ya kununua ndani ya jengo la pamoja, ina fomu yake, 1073. Nyumba ya familia 2 mpaka 4 ina yake, 1025. Ya kuangaliwa kwa nje tu bila kuingia, 2055. Zile nyumba zinazotengenezwa kiwandani zikaletwa na lori, 1004C. Machi 2005 jamani, hata iPhone ilikua haijatoka! Alafu Septemba 2011 mkaona fomu haiwatoshi, mnataka data, mkaleta ule mfumo wa kwanza wa UAD, yaani utaratibu mmoja wa kuandika data za uthamini, ila hamkubadilisha fomu, mkachomeka data ndani ya visanduku vilevile vidogo, na hapo ndo yakaanza mafumbo. Mahali pa kuandika mandhari ya nyumba tukawa tunaandika "N;Res;" maana yake ya kawaida, inaangalia makazi. Nyumba iko kando ya barabara yenye fujo, "A;BsyRd;". Jikoni kumefanyiwa ukarabati kidogo, unaandika sentensi iliyokatwakatwa kama telegramu ya msiba. Kuna mama mmoja Mrundi alinipigia simu kashika nakala ya ripoti yake ananiuliza, kaka, hii N;Res; ndo jina la mtu aliyekagua? Nlicheka, ila nilivyokata simu sikucheka tena, kwa sababu yule mama kalipa hela yake, sheria toka 2014 inamtaka mkopeshaji ampe nakala hata kabla hajaiomba, nakala kapewa, na ndani hamna anachoweza kusoma.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Mi siyo kati ya wale wazee wa kazi wanaolilia fomu. Toka 2018 mlipoanza kusema mnaufumua huu mfumo mi nlikua nasubiri, na huu wa sasa, UAD 3.6, una mambo ya maana kweli. Ndani yake fomu zote zile nilizotaja zimekufa, ripoti ni moja, inajirefusha na kujifupisha kutokana na nyumba yenyewe. Nyumba haina kibanda cha pembeni, sehemu ya kibanda haitokei. Kondo ikija, mambo ya kondo yanajitokeza. Mafumbo yameondoka, panaandikwa maneno ya kawaida. Picha ya jikoni inakaa pale panapoongelewa jikoni badala ya kutupwa ukurasa wa 19 na picha za mtaa. Hali ya nyumba, ile C1 ya nyumba mpya kabisa mpaka C6 ya iliyochakaa, sasa naipa nje alama yake na ndani alama yake kabla sijasema ya jumla, na hapo mmepatia sana, maana Columbus hii nimeingia nyumba ngapi ambazo nje utadhani ya mwenye mali na ndani dari linavuja kwenye ndoo.

Ngoja niwape mfano mmoja ambao mimi mfumo wenu mpya umeniokoa. Whitehall kule kumejaa nyumba ndogo za mtindo wa Cape Cod, zilijengwa miaka ya baada ya vita ya pili, chini sebule na vyumba 2, juu chini ya paa ndo pana chumba au viwili, kuta zimelala, ukisimama katikati uko sawa ukisogea pembeni unagonga kichwa. Toka Aprili 2022 Fannie anataka tupime kwa kanuni za ANSI, wale wa viwango vya Marekani, na ANSI inasema chumba chenye dari la kulala lazima angalau nusu ya eneo lake dari lifike futi 7, na penye chini ya futi 5 hapahesabiwi kabisa. Nikaenda kwa familia moja ya Kikongo, watu 7, watoto 3 wanalala kule juu, kumepakwa rangi, kuna zulia, kuna hita, kitanda cha deka, mabango ya mpira ukutani. Napima katikati, futi 6 na inchi 9. Inchi 3 tu! Kwa kanuni kile siyo chumba kwenye eneo la nyumba. Baba anasimama ngazini ananiangalia, mi nawaza ntamwambiaje huyu mzee kwamba wanae wanalala sehemu ambayo haipo? Kwenye fomu ya zamani ilikua kazi ya kujikuna kichwa, unaitoa kwenye futi za mraba, unaitafutia pa kuichomeka chini kwenye mstari wa ziada, alafu unaandika aya nzima kwenye kiambatisho ambayo hamna mtu benki anaisoma. Kwenye ripoti mpya kuna mahali pake kabisa, eneo lililomalizika ila halijafikia kiwango, lina futi zake na naweza kulitolea hesabu ya thamani waziwazi. Chumba cha wale watoto kipo. Hilo nawapongeza na narudia, nawapongeza, msije mkasema jamaa kaandika kulalamika tu.

Sasa tuje kwenye yangu.

Muda. Ripoti yangu ya kwanza ya mfumo mpya nlikaa ndani ya nyumba karibu mara mbili ya nlivyozoea, na nikirudi mezani nikamalizia usiku wa manane. Sawa, ya kwanza, mtu anajifunza, ya tano itakua rahisi. Lakini hata ya kumi haitakua kama zamani kwa sababu mnachoomba siyo kilekile. Zamani naandika bafu 2, moja ya kuogea kamili na moja nusu, naendelea. Sasa kila bafu lina mambo yake, limefanyiwa nini, lini, hali gani, sakafu, kuta. Kila kasoro ninayoiona inaingia kwenye jedwali lake, ipo wapi, inaathiri usalama au haiathiri, ikarabatiwe au iachwe ilivyo, na picha yake. Kuna nyumba moja Linden nimeandika kasoro mpaka nikaona aibu kwa mwenye nyumba, mlango wa stoo haufungi, reli ya ngazi imelegea, rangi ya dirisha imebanduka, na nyumba ni ya mwaka 1926 kwa hiyo rangi ya kubanduka unawaza risasi ile ya sumu kwenye rangi za zamani, yote yanaandikwa yote yanapigwa picha, na yule bibi ananifata na fagio anafagia mbele yangu kila chumba nachoingia kama kwamba vumbi ndo litashusha bei. Nikamwambia bibi acha tu, vumbi siandiki. Akasema we andika usiandike mi siwezi kukaa mgeni anapiga picha uchafu wangu.

Na malipo? Palepale. Mi kazi nyingi napewa na kampuni za kati, zile zilizoshamiri baada ya kanuni za Mei 2009 kumkataza afisa mikopo asimchague mthamini mwenyewe, wazo zuri, maana kabla ya hapo afisa alikua anakupigia anakwambia anayoitaka namba. Sasa kampuni ya kati inakaa katikati, inachukua oda benki, inawarushia wathamini 10 kwa meseji moja, anayekubali bei ya chini na siku chache ndo anaipata. Mwezi uliopita moja imenitumia oda ya mfumo mpya, bei ileile ya mwaka juzi, siku zilezile 5, na chini kabisa imeandikwa "tunategemea ubora wa juu zaidi kutokana na mfumo mpya". Nikaisoma mara 2. Mwenye kununua nyumba kwenye karatasi zake za kufunga mkopo mara nyingi anaona namba moja tu ya uthamini, anadhani yote yangu, kumbe sehemu yake imebaki njiani. Najua mambo ya karatasi zile ni ya CFPB, wakala wa kulinda wateja wa mabenki, siyo ya kwenu, sawa, ila anayeongeza kazi ni nyie na hamjasema hata sentensi moja kwamba kazi ikiongezeka ujira uongezeke. Semeni tu. Hata kama hamna mamlaka ya kupanga bei, neno lenu benki wanalisikia kuliko la kwangu.

Hilo la hela lakini nishalizoea na wenzangu washaliandika kwa Kiingereza kizuri kuliko mi ntavyoweza. Lililonikalisha chini kuandika ni lingine, na hili sijasikia mtu analisema.

Zamani nikikosea, kosa langu lilikua linakufa. Siyo lote, najua toka 2011 na hasa toka Januari 2015 Fannie alipowafungulia benki ile Collateral Underwriter yake, mashine ya kukagua ripoti zetu, mlikua mnakusanya. Lakini kilichokua kinakusanywa kilikua kidogo, kilichobaki kilikua maneno kwenye PDF, na maneno kwenye PDF ni kama maneno ya kijiweni, yanaishia pale. Sasa kila kitu ni data. Faili linakuja kwenu lina maelezo yote yamekatwakatwa vipandevipande mashine inaweza kuvila, na picha pembeni. Nikiweka C4 kwenye nyumba ya mtu, ile C4 inabaki kwenu. Kesho nyumba yake ikitumika kama mfano wa kulinganisha na nyumba ya jirani, ile C4 ipo. Mthamini mwingine akiiona ni C3, mashine inanyanyua mkono, eti wenzako wamesema C4.

Nina ushahidi wa hili, limenikuta. Nafanya nyumba moja Reynoldsburg, nimetafuta za kulinganisha nazo, ya pili iko mtaa wa nyuma, imeuzwa miezi 4 iliyopita, dalali wa nyumba aliyeiuza namjua, nikampigia, akaniambia kabla ya kuuza mwenyewe aliezeka upya, akabadilisha madirisha yote, akaweka hita mpya, risiti zipo, na picha za tangazo zinaonesha. Nikaipa C3. Nikatuma. Siku 2 baadae narudishiwa ripoti na mkopeshaji, eleza kwa nini nyumba ya kulinganisha namba 2 umeipa C3 wakati wathamini wengine wameipa alama ya chini. Wathamini wengine gani? Lini? Hawaniambii, siruhusiwi kuona. Yawezekana ni mtu alipita mwaka kabla madirisha hayajabadilishwa, alikua sahihi kwa siku ile. Yawezekana hajaingia ndani kabisa, maana nyumba ya kulinganisha hauingii, unaipitia na gari unapiga picha moja. Yawezekana, na hili ndo linaniuma, ni mimi mwenyewe nilipita zamani nikakosea. Nikaandika maelezo, nikaambatanisha ya dalali, ikapita. Saa moja na nusu ya maisha yangu, bure.

Haya, mimi nina pa kujibia. Yule aliyeiuza ile nyumba je? Hajui hata kama ana alama. Kabadilisha madirisha kwa dola elfu kadhaa za jasho lake, na kuna kanzidata mahali fulani inasema nyumba yake imechoka, na jirani yake aliyekua anakopa alikua karibu kuumia kwa sababu hiyo, na wote wawili hawajui chochote. Mwaka 2024 mlitoa utaratibu wa mkopaji kuomba thamani iangaliwe upya, mkataka benki zimueleze haki hiyo. Jambo jema. Ila soma ni nani anaruhusiwa: mkopaji, kwa ripoti yake, kwa mkopo wake. Anayeuza hayumo, ripoti siyo yake ni ya benki. Jirani ambaye nyumba yake imetumika kama mfano hayumo kabisa, hata harufu. Na hiyo ni kuhusu thamani, mi siongelei thamani, naongelea mambo ya kweli na uongo, paa ni la mwaka gani, vyumba vingapi, basementi imemalizwa au haijamalizwa. Mtu akiwa na deni lililoandikwa kimakosa kwenye taarifa zake za mkopo ana haki ya kupinga, kuna sheria toka 1970, kuna utaratibu na siku zake. Nyumba yake, ambayo ndo mali kubwa kuliko zote alizonazo, haina.

Ombi langu ndo hilo. Wekeni mlango. Mwenye nyumba aliyethibitishwa kuwa ni mwenye nyumba, na hapa Franklin County jina la mwenye nyumba liko wazi kwenye tovuti ya auditor, ofisi ya kaunti yenye kumbukumbu za mali, siyo siri, aweze kuuliza: kwenye data zenu nyumba yangu imeandikwaje? Siyo thamani, siyo jina la mthamini, siyo mambo ya mkopo wa mtu. Ukubwa, vyumba, mwaka, hali, vilivyokarabatiwa. Na akiona uongo aweke risiti yake. Msipotaka kufuta cha mthamini msifute, wekeni alama pembeni kwamba mwenyewe anapinga na ushahidi wake huu hapa, ili siku nyingine mashine ikitaka kumnyanyulia mtu mkono iangalie kwanza. Kompyuta iliyoweza kujua kwamba C3 yangu haifanani na C4 ya mtu mwingine haiwezi kushindwa hilo.

Mtaniambia hizi data zinatumika kuzuia ubaguzi, tuachieni. Nakubali zinatumika, na nataka ziendelee. Freddie Septemba 2021 alichukua ripoti za manunuzi mamilioni, akakuta kwenye mitaa ya watu weusi asilimia 12.5 ya nyumba zilithaminiwa chini ya bei ya mkataba, mitaa ya Walatino asilimia 15.4, mitaa ya weupe 7.4. Bila data nani angelijua hilo kwa namba? Sisi tulikua tunalijua kwa tumbo tu. Mimi mwenyewe ni mweusi naingia kwenye nyumba za watu na kile kitambulisho shingoni, nayajua ya pande zote mbili. Na 2022 FHFA mkafungua takwimu za jumla kila mtu azione, nikazichezea wikiendi nzima mke wangu akaniuliza kama nimepata mchepuko. Lakini hebu angalieni: data hizohizo zilizoonesha tofauti ya mitaa ndo hizohizo zinafundishia mashine. Kama mtaa ulipewa C4 na C4 na C4 kwa miaka 15 na watu wanaopita na gari bila kushuka, anayekuja leo akaandika C3 ndo anayeulizwa. Yaani kosa la zamani linapata kura nyingi kuliko ukweli mpya. Mi sisemi mmekusudia. Nasema mashine inaheshimu walio wengi, na walio wengi hawakushuka kwenye gari.

Na lipo hili la kuacha uthamini kabisa. Mwanzoni mwa 2025 mlipandisha kikomo, manunuzi ambayo mnaikubali bei bila mthamini kwenda yakatoka mkopo wa asilimia 80 ya thamani mpaka 90, na ile ya kumtuma mtu wa kukusanya data tu, siyo mthamini, ikafika 97. Mnaikubalije bei ya nyumba ambayo hamna mtu kaenda? Kwa data za ripoti za zamani, pamoja na zangu. Kwa maneno mengine nimefundisha kijana kazi alafu kijana kachukua zamu yangu, hayo ni maisha, fundi cherehani wa kwetu Tanga nao waliona mitumba inaingia. Ila kama data yangu ndo itasimama badala yangu kwenye nyumba ya mtu, basi ndo sababu zaidi ya kutaka isahihishike, maana mimi ukinikuta mlangoni unaweza kuniambia "kaka, paa ni jipya, njoo uone". Data utaiambia nini, utaipelekea chai?

Baba mdogo wangu alikua mthamini Dar es Salaam, benki zilikua zinamtuma, na nimembebea futi ya kamba nikiwa mdogo kuanzia Temeke mpaka Kigamboni. Ripoti yake ilikua ni hadithi. Anaandika kiwanja kinafikiwaje wakati wa mvua, msingi wa nyumba umeinuka kiasi gani, choo kiko wapi, jirani ni nani, mwisho anaweka thamani ya soko na ile ya kuuza kwa haraka mkopo ukishindikana, anapiga muhuri. Siyo kwamba naitaka ile, maana hadithi nzuri inaweza kuficha uongo mwingi na yeye mwenyewe alikua anajua wathamini waliokua washairi wa hali ya juu. Nachokumbuka ni kwamba alikua anamsomea mwenye nyumba sehemu ya maelezo ya jengo kabla ya kuondoka, hapo hapo barazani, kwa sauti, siyo thamani, maelezo tu. Matofali ya saruji, bati la geji 30, vyumba 4. Na mara nyingi mwenye nyumba anamkatiza: hapana mzee, 28 hilo. Anapanda anaangalia, anafuta, anaandika 28. Dakika 5.

Mi nimeanza kufanya hivyo Columbus. Sheria zetu za weledi zinanizuia kumwambia mtu matokeo ya kazi ya benki, na simwambii, ila hamna kinachonizuia kuuliza. Nasimama jikoni na tableti namwambia, nimehesabu vyumba 3 juu na kimoja basementi, bafu 2, hita ya 2019, paa umesema la 2021, sawa? Nimeshasahihishwa mara nyingi kuliko ntavyopenda kukiri. Yule bibi wa fagio ndo aliniambia kwamba kabati nililoliandika la nguo kumbe mlango wa nyuma yake unaingia chumba kidogo cha mashine ya kufulia, nisingelijua mpaka leo.

Kwa hiyo hata msipoweka mlango mkubwa kwenu huko Washington, wekeni mdogo kwangu. Kwenye hii ripoti mpya mnaniuliza mambo mengi mno, mpaka nyumba ina paneli za jua ni zake au za kukodi, ongezeni kimoja: je, maelezo ya jengo yamepitiwa na mwenye nyumba au aliyekuwepo siku ya ukaguzi, ndiyo au hapana, na alipinga nini. Kimoja tu. Najua kuongeza kisanduku kwenu ni vikao vya miaka, ila hii kitu mmeijenga iwe ya kubadilika siyo kama fomu ya 2005, mlisema wenyewe, hiyo ndo ilikua sababu yenu.

Na tarehe ya lazima ya mfumo mpya ni Novemba 2, 2026, baada ya hapo hakuna anayeanza ripoti ya fomu ya zamani mkaipokea, na Mei 2027 hata zile viporo mnafunga. Muda bado upo kidogo. Wathamini wazee nnaowajua hapa wawili wameshasema hawavuki Novemba, wanastaafu, mmoja ananiachia ngazi yake na ile tepu ya futi 100 ya chuma, na vijana wanaotaka kuingia kazini wanahitaji saa 1,000 au 1,500 za kufanya kazi chini ya mtu, chini ya nani sasa sijui, hiyo ni barua nyingine.

Kesho saa 3 asubuhi nina nyumba Reynoldsburg, mfumo mpya, siku 5, bei ya mwaka juzi. Mwenye nyumba kaniandikia meseji kwa Kiswahili anauliza asafishe gereji au aiache. Nimemjibu aiache, ila atafute risiti za madirisha.

Wenu,
yule jamaa wa kupima nyumba, Columbus